Mambo ya Kuzingatia Kabla Mgonjwa Wenu Hajaanza Kusafishwa Damu

Daktari anapoieleza familia kwamba figo za mgonjwa wao zimefika hatua ya tano, ambapo uwezo wake umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, swali la kwanza huwa ni bei ya kusafishwa damu kwa mashine. Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake likichukuliwa peke yake hupotosha, kwa sababu bei ya kikao kimoja ni sehemu tu ya gharama ya ugonjwa. Kwa kawaida mgonjwa huunganishwa na mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kwa saa nne hivi. Hivyo ni vikao 156 kwa mwaka, sawa na 13 kwa mwezi, wala si 12 kama wengi wanavyopiga hesabu kwa haraka, na kila kikao kina nauli ya kwenda na kurudi, tena mara nyingi ya watu wawili. Ongezeni vipimo vya damu vya mara kwa mara, sindano za kuongeza damu, dawa za presha na siku za kazi atakazozikosa msindikizaji. Yaandikeni haya yote kwenye karatasi kabla mchango wa kwanza haujapokelewa.

Kama mgonjwa ana bima, someni mkataba wenyewe badala ya kutegemea maneno ya aliyewauzia. Tafuteni humo kikomo cha malipo kwa mwaka, muda wa kusubiri kwa ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiunga, na iwapo kibali kinahitajika kabla ya matibabu. Hifadhini nakala za barua za rufaa, majibu ya vipimo na risiti. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B mapema, kwani mgonjwa wa mashine anaihitaji.

Katika michango, jihadharini na nguvu ya mwanzo. Wiki za kwanza kila ndugu hutoa, tena hutoa kwa moyo, kisha ada za shule na kodi za nyumba hudai nafasi yake na mfuko hukauka wakati mgonjwa bado ana miaka mbele yake. Afadhali ndugu aahidi kiasi kidogo cha kila mwezi anachokiweza kuliko kutoa fungu kubwa mara moja na kunyamaza. Mtunza fedha asiwe yule yule anayemuuguza mgonjwa, maana huyo tayari ana mzigo wa kutosha, na asiye na fedha apewe siku zake za kumsindikiza mgonjwa, nazo zihesabiwe kuwa mchango kamili.

Sasa lipo jambo ambalo ningependa kila familia ilishike hata ikisahau mengine yote, nalo ni njia ya kuchukulia damu. Mashine inahitaji damu nyingi itoke na kurudi kwa kasi, na mshipa wa kawaida hauwezi kazi hiyo. Njia bora kwa wagonjwa wengi ni fistula, yaani upasuaji mdogo, mara nyingi wa mkononi, unaounganisha ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, yaani mshipa unaoirudisha, ili vena ipanuke na kuwa imara. Vena hiyo huhitaji wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu, ndipo ianze kutumika. Mgonjwa anayefikishwa hospitali kwa dharura hana muda huo, kwa hiyo huwekewa katheta, ambao ni mpira unaopita shingoni au kifuani hadi kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo.

Mjomba wangu alianza hivyo. Daktari aliandika rufaa ya fistula mapema, lakini kikao cha familia kiliamua upasuaji usubiri, kwa hoja kwamba mpira unafanya kazi na fedha zilizopo zinatosha vikao tu. Hakuna aliyesema hivyo kwa ubaya. Hesabu ilionekana sahihi. Jioni moja, muda mfupi baada ya kutoka kwenye mashine, alianza kutetemeka. Nyumbani walidhani ni baridi ya chumba cha hospitali, wakamfunika mablanketi na kumpa dawa ya kutuliza maumivu. Asubuhi alikuwa hamtambui mkewe. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu kupitia ule mpira. Alilazwa wiki nyingi, akapewa antibiotiki kwa mshipa, mpira ukatolewa na mwingine ukawekwa, na bili ya kulazwa ikaipita mbali gharama ya upasuaji ulioahirishwa. Alipona, namshukuru Mungu, lakini aliporudi nyumbani fistula bado ilikuwa inamsubiri, na mfuko haukuwa na kitu.

Kwa hiyo, upasuaji huo uingie kwenye bajeti kabla ya vikao vya mwezi wa pili. Hata kabla ya hapo, mlinde mkono ambao daktari anakusudia kuutumia: usichomwe sindano wala kutolewa damu bila sababu. Fistula ikishawekwa, mkono huo haupimwi presha, haubebi mizigo, haulaliwi. Mgonjwa aiguse kila siku asikie mtetemo wake, na mtetemo ukipotea aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye mpira naye asiulowanishe, na akipata homa au kutetemeka asisubiri kupambazuke.

Kuhusu kupandikizwa figo, ulizeni mapema, kwa kuwa vipimo vya mtoaji huchukua muda mrefu. Mtoaji asibanwe mbele ya kikao cha ukoo. Azungumze na daktari faraghani, na akikataa aachwe kwa amani. Mjue pia kwamba figo mpya inahitaji dawa za kila siku za kuzuia mwili usiikatae, kwa muda wote itakapokuwa inafanya kazi.

Mengine ni ya uangalifu wa kila siku. Mgonjwa asinunuliwe dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni kwa sababu tu kichwa kinamuuma. Dawa za mitishamba zisiingie mdomoni mwake bila daktari kujua. Chumvi mbadala mara nyingi huwa na potasiamu, ambayo ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo. Wageni waambiwe mapema wasije na machupa ya juisi, maana ana kipimo cha maji kwa siku. Baada ya kikao presha yake inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo asiinuke kitandani kwa haraka, na asiachwe kurudi nyumbani peke yake hata akisisitiza kwamba anajisikia vizuri.