Kerningi na trakingi: kupanga nafasi za herufi kwenye bango

Mteja akisema "herufi zimeachana", vijana wengi wa mabango hapa Dodoma hukimbilia trakingi. Neno zima linabanwa, na lile pengo lililomkera mteja linabaki palepale. Trakingi hugusa nafasi za herufi zote ulizochagua, kwa kiasi kimoja. Kerningi hugusa nafasi ya herufi mbili tu zilizokaa jirani.

Tuchukue bango la Nkuhungu: SALUNI YA WANAWAKE. Natumia Illustrator, programu ya kusanifu michoro; Word iachie barua.

1. Fonti kwanza. Amua kabisa. Ukibadili fonti baadaye, kerningi uliyoweka kwa mkono inabaki na namba zilezile ilhali maumbo si yale tena. Kukuza saizi hakuharibu kitu, maana vipimo vyote viwili ni sehemu ya elfu ya em, na em ni saizi ya herufi yenyewe.

2. Trakingi. Chagua mstari wote, weka 30. Herufi kubwa tupu zinataka hewa, hasa kama msomaji yuko kwenye bajaji. Herufi ndogo usizitanue hivyo, zinasambaratika.

3. Kerningi. Hapa ndipo jioni inapoishia. Kwenye kisanduku cha kerningi anza na Auto, inayofuata nafasi za jozi za herufi alizopanga mtengeneza fonti. Fonti nyingi za bure hazina jozi hizo. Kwa hizo weka Optical, programu ipime maumbo yenyewe. Kisha ingia kwa mkono: bofya katikati ya W na A, ule mstari unaopepesa ukae hapo, shika Alt na mshale wa kushoto. Usichague herufi! Ukizichagua, mshale uleule unabadili trakingi. Kila ukibonyeza mshale, hatua ya kawaida ni 20, kubwa mno kwangu. Nenda Preferences, Type, weka 5.

WANAWAKE ina miteremko kila upande: WA, AW, tena WA. YA nayo vilevile, na L ya SALUNI imeacha uwazi kulia. N na I zina pande wima, ziache. Rula weka kando, pima kwa jicho. Geuza bango kichwa chini ili uache kusoma na uone mapengo tu. Kumbuka pia namba hizi hujumlishwa: kerningi ya -60 juu ya trakingi ya 30 inakupa -30. Ndiyo maana trakingi hutangulia.

4. Hifadhi nakala yenye maandishi, kisha kwenye nakala nyingine geuza herufi ziwe maumbo na umpelekee mchapaji.