Wagonjwa 60, kati ya wangapi?

Kila mwezi tukikaa na ripoti za vituo vya afya lazima mtu aseme kituo fulani kina kuhara sana, wagonjwa 60, wenzao 20 tu, na mimi nauliza kati ya wangapi? Inaniuma kwa sababu dawa zinaishia kupelekwa kusiko na shida. Chukua kikokotoo cha simu tufanye pamoja, na kipindupindu cha London mwaka 1854, hesabu za daktari John Snow aliyeuchunguza mlipuko huo.

Hatua ya 1, panga idadi. Nyumba zenye maji ya kampuni ya Southwark and Vauxhall vifo 1,263, za Lambeth 98, London iliyobaki 1,422. Ukiishia hapo utasema iliyobaki ndo imeumia zaidi. Usiseme bado.

Hatua ya 2, tafuta asili, ile namba ya chini tuliyofundishwa shuleni. Snow alitumia nyumba: 40,046, 26,107 na 256,423.

Hatua ya 3, gawa kisha zidisha kwa 10,000. 1,263 gawa kwa 40,046 unapata 0.0315, yaani vifo 315 kwa kila nyumba 10,000, na hicho ndo kiwango. Lambeth 38, iliyobaki 55. Umeona ilivyogeuka? Southwark walivuta maji ya Thames palepale uchafu wa jiji unapomwagika, Lambeth walishahamia upande wa juu wa mto, kabla haujafika jijini, 1852, na mabomba ya kampuni zote mbili yalipita mitaa ileile kwa hiyo huwezi kusema ni matajiri na maskini.

Hatua ya 4 ndo wengi tunaanguka: namba ya juu na ya chini zitoke kwa watu walewale, kipindi kilekile. Fungua kitabu cha kituo, mtoto aliyekuja Jumatatu akarudi Alhamisi ana mistari miwili, ukijumlisha mistari umehesabu mahudhurio, sio watoto. Halafu soma safu ya makazi, kituo cha karibu na stendi kinatibu kata nzima ya jirani, hao watoe au uongeze watu wa kata yao kule chini.

Kijiji cha watu 300 mgonjwa mmoja tu anakupa 33 kwa 10,000, watu wakiwa wachache kiwango kinaruka kirahisi, kwa hiyo jumlisha miezi kadhaa kabla hujapiga simu wilayani.

Ila idadi usiitupe jamani, kiwango kinakuonyesha pa kwenda kukagua maji, dripu na vitanda unaagiza kwa idadi.