Ukiomba dawa, malizia sentensi

Nauza dawa Newala, kwenye duka la dawa muhimu, ambalo watu wa rika langu bado wanaliita dawa baridi. Kutwa nzima nasikia neno moja. "Dada, nipe dawa ya mbu." "Mama kasema umpe dawa ya maji." "Dawa ya tumbo ipo?" Kila ombi hapo lina majibu zaidi ya moja, na baadhi ya majibu ni sumu. Kwa hiyo nataka nieleze namna ya kuomba dawa ukapata ile uliyoikusudia, hasa unapomtuma mtoto.

Anza na hicho kinachofuata baada ya "dawa ya". Dawa ya macho inatibu macho. Dawa ya panya inamuua panya. Dawa ya meno inasafisha, dawa ya viatu inang'arisha, dawa ya nywele inalainisha. Sentensi zimefanana zote, na hatukosei kwa sababu hakuna anayetaka kumponya panya wala kuyaua macho. Hatari inakuja pale kitu chenyewe kinapoweza kusimama pande zote mbili.

Dawa ya mbu, kwa mfano. Mtu wa Dar es Salaam akisema hivyo anataka udi wa kuchoma au kopo la kupuliza chumbani. Huku kwetu kuna mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza majani machanga na maua mpaka yanakauka, na dawa yake ni kiuatilifu kinachochanganywa na maji kwenye pampu. Mtoto aliyetumwa "dawa ya mbu" wakati wa msimu anaweza kuingia duka la pembejeo na akapewa, tena kwa nia njema. Mwambie "udi wa mbu" au "dawa ya kupuliza ndani". Ya shambani usimtume mtoto hata kidogo, iendee mwenyewe.

Dawa ya maji nayo ina watu wawili. Mama mwenye mtoto mwenye homa anamaanisha ya kunywa, isiyo ya vidonge. Mama ambaye maji yake yametoka kisimani anamaanisha klorini ya kutibu maji ya kunywa. Mimi huuliza kila mara, lakini siku ya mnada wa korosho duka linajaa, na muuzaji mwingine anaweza asiulize. Sema "dawa ya kikohozi ya maji, ya mtoto wa miaka mitatu" au "dawa ya kutibu maji ya kunywa". Sekunde tatu tu.

Na dawa ya unga? Kuna antibayotiki ya watoto inayokuja ikiwa unga ndani ya chupa. Unatia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kwenye alama, unatikisa, na kila unapompa mtoto unatikisa tena. Ikishachanganywa haikai miezi: nyingi mwisho wake ni siku saba, soma lebo. Lakini ukitamka "dawa ya unga" Newala, Tandahimba au Masasi, asilimia kubwa ya wanaokusikia wanaiona salfa.

Hapo kwenye salfa niruhusu nikae kidogo. Kuanzia mwezi wa tano au wa sita mikorosho inapochanua, kila nyumba yenye shamba ina mfuko wa salfa, maana bila hiyo ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, unakula maua na korosho haitungi. Hiyo ni dawa kweli, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wameifanyia kazi miaka mingi. Nani atabisha, wakati ada za watoto zinatoka kwenye mti huo? Ila ni dawa ya mti. Vumbi lake linawasha macho, linakwaruza koo na kifua, na mwenye pumu linamtesa zaidi. Anayepuliza afunike pua na mdomo, avae mikono mirefu, aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Viuatilifu vya maji ni vikali zaidi. Tazama chini ya lebo utaona ukanda wa rangi: nyekundu ndiyo sumu kali kabisa, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Kijani nayo hainywewi. Na hapa nasema kwa uchungu: usihamishie dawa ya shamba kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kama unampunguzia jirani kidogo. Wala usiandike "DAWA" juu ya chombo ukadhani umeonya. Bibi asiyeona vizuri na mtoto wa darasa la pili wakisoma "DAWA" wanasoma kitu cha kuponya. Andika "SUMU YA MIKOROSHO". Kifungie mbali na jikoni, mbali na kapu la dawa za binadamu.

Akitokea mtu ameinywa, usimtapishe na usimnyweshe maziwa kwa kubahatisha. Ikiwa imemmwagikia, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Mkimbize hospitali na ubebe kile chombo chenye lebo. Kufika unasema tu "amekunywa dawa" kunawapotezea muda wahudumu, maana lazima wajue ni dawa gani.

Turudi dukani, kwenye dawa ya tumbo. Hakuna ombi linaloficha mengi kama hili. Tumbo la hedhi, la kuharisha, la kukosa choo, la minyoo, la vidonda, na tumbo ambalo kumbe ni ujauzito: kila moja lina njia yake, na dawa ya hili inaweza kulidhuru lile. Wanaume wanaotoka kubeba magunia wananiomba dawa ya kiuno, nawapa ya maumivu, kesho wanarudi kuomba dawa ya tumbo. Dawa nyingi za maumivu zinachokoza tumbo, hasa lenye vidonda. Kama unavyo, vitaje kabla sijanyoosha mkono kwenye rafu.

Mtoto akiharisha, wazazi wanataka kidonge cha kufunga choo. Anachohitaji kwanza ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, pamoja na zinki. Pakiti ya lita moja itie kwenye lita moja kamili ya maji safi na salama, mpe kidogo kidogo, na kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki mpe siku kumi, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani au mtoto hanyonyi, usije kwangu, nenda kituo cha afya.

Dawa ya malaria ninaiombwa na watu ambao hawajapima. Pima kwanza. Ikionekana, utapewa mseto, yaani dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, ambao nchi yetu iliuchagua mwaka 2006 baada ya dawa za zamani kushindwa. Dozi ya pili inafuata saa nane baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, kila mara baada ya kula. Saa nane hapa ni muda wa kupita, si saa nane ya mchana. Hivyo hivyo "kutwa mara tatu" kwenye bahasha: kutwa tunayoijua inaishia magharibi, lakini bahasha inahesabu na usiku. Gawa kila baada ya saa nane.

Kuna dawa isiyotajwa jina kabisa. Mtu akisema kwa sauti ya chini "yule anatumia dawa", wengi wanaelewa ni za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Hizo haziuzwi dukani, zinatolewa bure kliniki. Ila kama unazimeza, ninapaswa kujua kabla ya kukupa nyingine. Niambie nikusogelee pembeni, nitakuja. Na wewe uliye kwenye foleni nyuma yake, tafadhali rudi hatua mbili.

Neno hili lina upande mwingine ambao hauko kwenye rafu zangu. Mtu akikwambia "dawa yako iko jikoni", hakuna anayekupikia tiba, jiandae. Dawa ya deni kulipa. Fundi akisema "dawa yake ni kubadilisha kifaa", anazungumzia redio. Na mwaka 1905 huko Kilwa, babu zetu wa Umatumbi walipong'oa pamba ya Wajerumani, walikuwa wameshapewa dawa: maji ya mganga Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyovipa jina Vita vya Majimaji, yenye mafuta ya nyonyo na nafaka, yaliyoahidiwa kugeuza risasi kuwa maji. Risasi hazikugeuka. Lakini watu wa makabila mengi walisimama pamoja chini ya neno hilo moja, na mimi siwezi kulitamka nikalisahau hilo.

Mganga ndivyo alivyo pia. Wa kijijini ni mganga, na mkubwa wa afya wa mkoa naye cheo chake ni Mganga Mkuu. Tiba asili ina sheria yake tangu mwaka 2002, kwa hiyo usinifiche. Ukiwa umekunywa mwarobaini au mizizi yoyote, nitajie mti na tangu lini. Sitakugombeza, shangazi, wala sitakucheka. Nataka kujua kilichomo tumboni kabla sijaongeza changu.

Ukimtuma mtoto, mpe kikaratasi: mgonjwa ni nani, ana umri gani, uzito ukiujua, anaumwa nini, tangu lini, anatumia nini kingine, na kama ni mjamzito au ananyonyesha. Kama hujui kuandika, nipigie simu kwa jirani. Na dawa ikiisha kabla hujapona, usitupe boksi. Lilete nilisome.