Kabla ya kununua faiwoli ya nyumbani, soma namba ndogo

Ukichagua faiwoli, yaani kifaa kinachokagua data inayoingia na kutoka kwenye mtandao wa nyumbani, ili kulinda simu, kompyuta na runinga za familia, usidanganyike na kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Mara nyingi hiyo hupimwa ukaguzi ukiwa umezimwa. Fungua jedwali la vipimo, tafuta kasi wakati ukaguzi wa vitisho umewashwa, halafu ilinganishe na kifurushi chako cha intaneti. Una megabiti 300 kwa sekunde na faiwoli inakagua 150 tu? Utapata nusu tu ya kasi unayolipia, mtu atazima ulinzi "kwa muda", na hautawashwa tena (mtu huyo nilikuwa mimi). Na hata ukipatia, simu ikihamia kwenye data ya laini yake, faiwoli haiioni kabisa.