Damu kwanza, sindano baadaye: kupima ndigana baridi kwa vinasaba

Mfugaji wa Goba au Chanika akimpigia simu afisa mifugo, maneno ya kwanza ni yale yale: "Ng'ombe wangu ana ndigana." Ukimuuliza ndigana ipi, kimya. Ndigana kali inatokana na kijidudu cha jamii ya protozoa, Theileria parva. Ndigana baridi ni ya bakteria, Anaplasma marginale. Maji moyo nayo ni ya bakteria, Ehrlichia ruminantium. Zote zinaletwa na kupe na zote zinaanza na homa, lakini sindano ya ndigana kali haimsaidii kitu ng'ombe mwenye ndigana baridi.

Tusimcheke mfugaji. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 akichungulia damu ya ng'ombe. Akaona vijidudu vidogo ndani ya chembe nyekundu, akadhani ni watoto wa vijidudu vya ugonjwa wa kukojoa damu. Kumbe ndio wa ndigana kali. Anaplasma naye alisubiri hadi 1910, Arnold Theiler alipomtambua kule Afrika Kusini kuwa ni kiumbe tofauti.

Hadubini bado ina kazi yake, hasa ng'ombe akiwa hoi na homa: ni rahisi na jibu linapatikana siku hiyo hiyo. Shida ni ng'ombe aliyepona. Ndigana baridi haimtoki. Anabaki na bakteria wachache kwenye damu kwa miaka, pengine maisha yake yote, huku ananenepa na kutoa maziwa. Hao wachache hadubini inawapita. Na kwenye kioo kilichopakwa rangi vibaya, hata uchafu unafanana na Anaplasma, ambaye huonekana kama nukta pembezoni mwa chembe nyekundu. Maji moyo ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa bakteria wake hukaa kwenye kuta za mishipa ya damu. Zamani ilithibitishwa kwa kupima ubongo, ng'ombe akiwa ameshakufa.

Hapo ndipo PCR inapoingia, jina tulilolizoea wakati wa korona. Maabara inatoa vinasaba kwenye damu, inaongeza vipande vifupi vinavyonasa kwenye jeni ya bakteria anayetafutwa tu, kisha mashine inapasha moto hadi nyuzi 95 hivi, inapoza, inapasha tena. Kila mzunguko unazidisha kipande hicho mara mbili. Kwa hesabu ya karatasini, mizunguko 30 inafanya kipande kimoja kizidi bilioni. Baada ya hapo kipande kinaweza kusomwa herufi kwa herufi na kulinganishwa na cha ng'ombe mwingine.

Kulinganisha huko ndiko kunakonivutia, maana Dar ni njia panda ya mifugo. Mnada wa Pugu unapokea ng'ombe kutoka mikoa mingi, nao wanashuka na kupe wao. Sasa chukua ng'ombe wa Mbezi ambaye hajawahi kutoka bandani, halafu anapata ndigana baridi. Kupe wamekuja na mabingobingo yaliyokatwa bondeni? Mtamba mpya? Au ni sindano moja iliyozungushwa banda zima? Ugonjwa huu unapita pia kwenye sindano, visu vya kuhasi na vifaa vya kukata pembe. Vinasaba vya bakteria wa mtamba vikifanana na vya ng'ombe mgonjwa, una pa kuanzia. Ila kupe aliyeshiba damu akikutwa na vinasaba hivyo, usiseme moja kwa moja kuwa ndiye mwambukizaji. Huenda ni mlo wake tu.

Yote haya yanaharibikia bandani, kabla sampuli haijafika maabara. Niliwahi kuletewa damu iliyofungwa kwenye mfuko mweusi nyuma ya bodaboda, saa nane mchana, na ng'ombe alikuwa ameshachomwa oksitetrasaiklini siku mbili nyuma. Dawa hiyo inapunguza bakteria kwenye damu, na jibu linaweza kuja "hakuna" wakati wapo. Kwa hiyo mwite mtaalamu achukue damu kwanza, kisha dawa ifuate saa hiyo hiyo. Usimcheleweshe mgonjwa kwa kusubiri majibu. Chupa iwe ya kifuniko cha zambarau. Ya kijani ina heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na heparini inazuia PCR. Igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi bila kutikiswa, iwekwe kwenye kisanduku cha barafu, na gazeti likae kati ya chupa na barafu ili damu isigeuke barafu. Kupe watumbukizwe kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi, kamwe si formalini, na karatasi yenye namba ya ng'ombe iwe ndani ya chupa, imeandikwa kwa penseli. Wino unayeyuka.

Maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, iko Temeke. Piga simu kwanza uulize kama kipimo unachotaka kinafanyika wiki hiyo.

Jibu likija "yupo", usikimbilie kuuza. PCR inasema vinasaba vipo, haisemi ng'ombe anaumwa. Mtazame: ufizi umepauka au una manjano? Kinyesi kimekuwa kigumu? Kama anakula vizuri, huyo ni mbebaji tu. Wa kuhofiwa kuugua ni ng'ombe aliye karibu naye. Ndama huvumilia maambukizi kuliko ng'ombe mzima, kwa hiyo mtamba wa kisasa aliyekulia shamba lisilo na kupe ndiye anayeanguka akifika huku. Mpime kabla hujamchanganya na wengine, na umtenge wiki tano, maana mara nyingi dalili huchukua wiki tatu hadi tano kujitokeza.

Na fomu ya sampuli ijazwe yote: umri, alikotoka, tarehe ya mwisho ya kuogeshwa, na ile sehemu ambayo wengi wanaiacha wazi, majani yake yanakatwa wapi.