Mzee aliyetulia mno baada ya upasuaji

Mzee aliyechanganyikiwa ghafla baada ya upasuaji, akipiga kelele na kung'oa dripu usiku, wodi nzima inamwona. Anayepitwa ni anayechanganyikiwa kimyakimya, kama yule bibi aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga: siku ya pili kalala tu, anajibu nusunusu, uji hagusi, na watu wanasema "mwacheni apumzike." Mwombe akutajie siku za wiki kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Akikwama Ijumaa, au akianza kwenda mbele, mwite muuguzi, hata kama asubuhi aliongea vizuri. Kuchanganyikiwa huku kwa ghafla huja na kuondoka, na usiku huzidi. Sema wazi, "Bibi siku zote hayuko hivi," maana muuguzi wa zamu hajui alivyo kawaida. Wauguzi waangalie chanzo: mkojo, maumivu, oksijeni, dawa za usingizi. Na miwani yake mrudishieni, jamani.