Mteja asevu namba yako kabla hajatoka dukani

Kwa wenzangu mnaouza vitenge, mitumba au keki kupitia WhatsApp: mteja akishalipa, usiishie kuchukua namba yake. Mwombe naye asevu yako palepale, kwa jina la bidhaa, mfano "Vitenge Kariakoo", kisha akutumie hata "mambo" tu ili nawe umsevu. Kwa kawaida stetasi yako huonwa na watu uliowasevu ambao nao wamekusevu. Upande mmoja ukikosekana, unapandisha picha za mzigo mpya na yeye hazioni. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi kwa mkupuo, inayobeba watu hadi 256, nayo huwafikia waliokusevu peke yao. Jina la bidhaa ni muhimu sana: miezi ikipita, mtu hutafuta "vitenge" kwenye simu, jina lako keshalisahau. Mbinu hii hufa ukijaza picha thelathini kwa siku, maana mteja ataificha stetasi yako na hutajua. Anayesita mwache, usimbane. Na kwa friji au magodoro, vitu vya kununua mara moja kwa miaka, faida yake ni ndogo.